Washa moja, usiku mzima bila usingizi

Mimi bado nipo huku majuu, Leicester, Uingereza, kwa mama mdogo, na baridi inanidai kama mangi anavyodai mkopo wa sigara. Juma lililopita nilikuahidi stori ya saluni za huku na bei zake za kukata na shoka. Tuiweke kiporo kwanza. Yamenikuta makubwa, na nisipoyasema nitapasuka.

Unajua mtu ukimaliza fomu foo na cheti chako cha kubahatisha, huku hawakuulizi cheti, wanakuuliza unaweza kuamka saa ngapi. Siku za kazi nabeba maboksi ghalani. Jumamosi na Jumapili nashinda kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, Uganda. Siku ya kwanza nilipoingia kuomba kibarua nikaanza kukivunjavunja Kiingereza changu, mzee akanitazama, akasema, "Wewe natoka wapi? Dar? Basi sema Kiswahili, wacha kujitesa." Nusura nimkumbatie.

Mzee huyu alifukuzwa Uganda mwaka 1972, pale Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameshatoka. Halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la kule Uganda kuwaambia wasije, eti mji umejaa. Wakaja hivyohivyo, na leo ukipita mtaa wa Belgrave Road unanunua sambusa na sari kama uko Kisutu. Mzee alikuja na sanduku moja na spana zake. Sasa ana miaka zaidi ya 70, na starehe yake siyo pombe wala karata. Ni pikipiki moja tu, Honda CB750 ya mwaka 1972, anayoiandaa kwa mbio za pikipiki za zamani.

Usicheke. Huku kuna watu wazima, wenye vitambi na wajukuu, wanaoshindana kwa pikipiki za zama zao, na sheria zake ni kali. Pikipiki lazima iwe ya zama fulani na vifaa vyake vifanane na vya wakati huo. Huchukui tu injini mpya ukaivika bodi kuukuu. Ufundi wote uko hapo: kukamua nguvu kwenye chuma kilichozaliwa kabla yako bila kukivunja.

Na hii CB750 siyo kitu cha kubeza. Ilipoingia sokoni mwaka 1969, Waingereza na Wamarekani walishika vichwa. Silinda 4 zimepangwa mstari mmoja, kila silinda na kabureta yake, breki ya diski mbele, ujazo sisi 736, nguvu farasi 67. Pikipiki kubwa za Kiingereza za wakati ule nyingi zilikuwa za silinda 2, zinatingishika kama mashine ya kusaga na zinavuja oili usiku kucha. Mwaka uliofuata, 1970, Honda wakapeleka mashine 4 kwenye mbio za Daytona, Marekani, maili 200. Tatu zikafa njiani. Ya nne alikuwa nayo Dick Mann, mtu wa miaka 35, na injini yake ilikuwa imeshaanza kuchoka. Wengine wangeikaba. Yeye akaibembeleza mpaka mwisho na akashinda. Mzee anaipenda stori hii kupita kiasi, kila akimimina chai anaianza upya. "Aliyeshinda siyo aliyekuwa na mbio," ananiambia. "Aliyeshinda ni yule injini yake ilifika."

Sasa ngoja nikupe somo dogo, maana hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Injini ya kabureta 4 ni kama wapiga makasia wanne kwenye ngalawa. Mmoja akivuta zaidi na mwingine akisinzia, mnapinda. Kwa hiyo lazima kabureta zote zivute hewa sawasawa. Kwenye njia ya hewa ya kila silinda kuna kaskrubu kadogo. Unakafungua, unachomeka mpira wa geji, unawasha injini, halafu unatazama mishale minne na kurekebisha mpaka yote isimame pamoja. Ukipatia, injini inabadilika sauti mbele yako. Ule mlio wa kugombana unakwisha, unabaki mngurumo mmoja laini. Wallahi mara ya kwanza nywele zilinisimama.

Mbio zilikuwa Jumapili, uwanja wa Mallory Park, siyo mbali na hapa. Jumamosi mchana tukaweka geji. Mishale mitatu ikatulia, wa silinda namba 3 ukawa unacheza kama umelewa. Mzee akapuliza dawa ya kusafishia kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na hedi. Injini ikabadilisha mlio hapohapo. Mpira umepasuka, inavuta hewa ya wizi. Hewa ikizidi petroli, moto unakuwa mkali na pistoni inaweza kutoboka. Basi, kabureta zote chini, mipira yote minne mipya.

Mzee akaniachia. "Ziba matundu kwa vitambaa. Injini ikipoa, pima tapeti. Mimi nakwenda kula."

Tapeti za mashine hii ni kazi ya macho na pumzi. Kwa vipimo vya kiwandani, valvu za kuingiza zinataka nafasi ya milimita 0.05 na za kutoa 0.08. Wembamba wa unywele. Unaizungusha injini taratibu kwa spana mpaka alama zikutane, unapima nusu ya valvu, unazungusha tena, unapima nusu iliyobaki. Nikafanya yote, jasho linanitoka na baridi ipo. Nikarudisha kabureta. Nikachukua kopo nililowekea zile skrubu ndogo nizirudishe.

Skrubu 4. Washa 3.

Nikahesabu tena. Nikamwaga kopo mezani. Tatu. Hapo ndipo nikakumbuka mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kopo lile nilikuwa nimeliegesha juu ya fremu, juu kabisa ya matundu. La pili, vitambaa nilivyoziba vilikuwa vitatu, maana cha nne nilifutia mikono simu ilipolia. Na injini nimeshaizungusha. Kama washa ilidondoka kwenye tundu wakati valvu imefungwa, valvu ilipofunguka imeshaingia ndani ya silinda.

Nikafungua plagi zote, nikamulika tochi. Sioni kitu. Nikatafuta sumaku, halafu nikajicheka mwenyewe: washa zile Mzee aliweka za shaba, na shaba haishikwi na sumaku.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji wangu, maana sikufichi. Ukutani kulikuwa na boksi la washa kama hizo, mpya. Nikachukua moja. Nikaifunga. Nikarudisha plagi, nikafuta kila mahali kwa kitambaa, pikipiki ikawa inang'aa kama ya harusi. Nani angejua? Nilijiambia imeangukia sakafuni, imeviringika chini ya kabati, shetani naye akaitikia amina.

Saa 1 usiku akaja mwendeshaji. Ni mtoto wa mwisho wa Mzee, jamaa wa miaka 40 hivi, kazini kwake anashinda na kompyuta. Alikuja kuchukua helmeti, kamshika mkono binti yake wa miaka kama 6. Akanipiga bega. "Iko fiti, braza?" Yule mtoto akapanda kwenye kiti cha pikipiki, akashika usukani, akaanza, "Vuuum!"

Nikatoka nje. Nikawaza kitu kimoja tu. Pale Mallory Park kuna kona ndefu ya kulia, unailalia muda mrefu na gesi umeivuta. Injini inazunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika. Washa ikibanwa kati ya pistoni na hedi kwa kasi hiyo, kitu kinapasuka. Injini ikikwama, tairi la nyuma linakwama nalo, na mtu amelala upande.

Nikarudi ndani nikasema. Sikupamba, nikasema yote mpaka ile washa mpya ya ukutani. Mzee alikuwa ameshika kikombe. Alikaa kimya muda ambao mimi niliuona wa mwaka mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani hela za kibarua nitakazokosa.

"Toa," akasema. "Toa injini."

Hapa lazima nikueleze, maana wengine mtadhani ni kufungua kifuniko tu. Kwenye CB750 fremu imepita karibu sana juu ya injini. Huwezi kuvua hedi ikiwa injini imo ndani. Lazima umwage oili, uvue ekzosi zote nne, kabureta, mnyororo, nyaya, halafu mtu mzima na mwenzake waibebe hiyo injini huku wanahema. Ndiyo kwanza unaanza kazi ya kufungua. Mtoto akapelekwa nyumbani, baba yake akarudi akavua koti akaungana nasi. Hakunisemesha. Sikumlaumu.

Saa 5 na nusu hedi ikatoka. Pistoni nne zikatutazama, safi, na kamoshi keusi kwa mbali. Hakuna washa. Tukamulika njia za hewa. Hakuna. Mzee akapitisha kidole kwenye kila silinda polepole kama kipofu anayesoma. Hakuna. Akachunguza valvu moja moja. Hakuna mkwaruzo.

Kijana wake akaguna, akaenda kuchemsha chai. Akakusanya vikombe. Akanyanyua changu, kile nilichokunywa mchana nikakiacha kwenye benchi. Akakigeuza. Chini yake, imeganda kwenye grisi, washa ya shaba.

Hakuna aliyecheka. Nataka nikwambie tulicheka tukagaragara, lakini ni uongo. Mzee aliibandua kwa ukucha, akaitia kwenye kopo, akasema, "Haya. Gasketi mpya iko kabati ya juu." Tukaanza kufunga. Mnyororo wa kamshafti ukae kwenye alama zake, nati za hedi zikazwe kwa mpangilio, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda nje, tapeti upya, geji upya. Saa 10 alfajiri mishale minne ikasimama pamoja, na mimi nikawa nimesimama kwa kuegemea ukuta.

Mallory Park wakaguzi wakaikagua. Walitazama kama boliti za oili zimefungwa waya zisilegee, wakavuta gesi na kuachia kuona kama inarudi yenyewe, wakapima na kelele. Ikapita. Kwenye mbio jamaa alianza nyuma, akamaliza wa 9. Wa kwanza alikuwa babu mmoja mwenye ndevu nyeupe, sitaki hata kumzungumzia.

Aliporudi akavua helmeti, maneno ya kwanza yakawa lawama: sproketi ya nyuma kubwa mno, gia ya mwisho inaisha kabla kona haijafika. Mzee akatoa kalamu sikioni akaanza kuandika kwenye kiganja, jino moja pungufu, mawili pungufu. Wakabishana kwa Kigujarati mpaka mvua ikaanza.

Kibarua bado ninacho. Ila kuna amri mpya, imeandikwa kwa chaki mlangoni kwa Kiswahili, nadhani ili wateja wasielewe: chai ya kijana inanyweka nje. Na nje, ndugu yangu, kuna baridi. Juma lijalo saluni, safari hii kweli.