Uniti Sabini na Tano na Sufuria ya Maharage

Mwezi huu tunaweka kando habari za lishe na chanjo, tuzungumze juu ya bei ya umeme. Huenda mama mmoja akauliza: muuguzi na bei ya umeme wapi na wapi? Asubiri kidogo.

Kwanza tujue ni nani anayepanga. Akina mama wengi tunaokutana nao kliniki wanaamini kuwa bei ya umeme hupangwa na TANESCO yenyewe, kama muuza nyanya anavyopanga fungu lake. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, TANESCO huomba, na mwenye kukubali au kukataa ni EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Hao ndio pia wanaotangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ndio wanaopitisha bei ya maji ya bomba. Ndugu zetu wa Zanzibar wana mamlaka yao, ZURA. Kabla ya kubadili bei ya umeme, EWURA hufanya taftishi: maombi hutangazwa, wananchi huitwa mkutanoni kutoa maoni, na asiyeweza kufika huruhusiwa kuandika. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusema kwa niaba yetu sisi tunaolipa.

Uamuzi huo una uzito kiasi gani, tuliona mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO iliomba bei ipande kwa asilimia 18.19. EWURA ikafanya taftishi na kuridhia asilimia 8.53, ianze 1 Januari 2017. Siku moja kabla, Profesa Sospeter Muhongo, wakati huo Waziri wa Nishati na Madini, akasitisha ongezeko hilo, na siku ya Mwaka Mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO. Wengi tulishangilia. Lakini hatuna budi kusema na upande wa pili: shirika lisilokusanya fedha za kutosha hushindwa kubadili nguzo iliyooza na transfoma iliyoungua, na mtaa ukikaa gizani wiki nzima, bei nafuu haimsaidii mtu. Kwa hiyo hatuandiki haya ili tuseme kila ombi la kupandisha bei likataliwe. Tunataka kuuliza nani alipe kiasi gani, na kwa matumizi gani.

Hapo ndipo tunapofika jikoni.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi: gesi, umeme, bayogesi na nyinginezo. Sisi tunaofanya kazi wodini tuliupokea kwa furaha, maana moshi tunaujua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anachochea kuni yu katika hatari karibu mara mbili ya kupata nimonia. Kwa mama mwenyewe ni kikohozi kisichoisha, kifua kubana, hata mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayevuta moshi huo anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Mkaa nao msiudhanie ni salama kwa kuwa hautoi moshi mwingi. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, milango ikafungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Tafadhali, jiko libaki nje.

Basi mama akishayasikia hayo, akaamua kupikia umeme, nini kinampata?

Tupige hesabu pamoja. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 huwaka saa 100 kwa uniti hiyo. Jiko la kawaida la sahani moja lenye wati 1,000 huimaliza kwa saa moja, na maharage bado magumu. Lakini jiko la presha la umeme hujizima na kujiwasha lenyewe, na maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kabla uniti haijaisha. Tuseme basi mama anayepika kwa uangalifu anatumia uniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi.

Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, ambazo ndizo zilizokuwa zikitumika Mkakati ulipozinduliwa, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Akizoea kuzidisha, huhamishiwa kundi la juu, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Mama aliyekuwa akitumia uniti 75 kwa taa, pasi, redio na friji ndogo alilipa 7,500, kabla ya kodi na tozo. Akiongeza zile 30 za kupikia, anafika 18,000. Akihamishwa kundi, uniti zake 105 zinamgharimu 30,660. Kwa nini asirudi kwenye mkaa? Anaununua kwa kopo, kila jioni kwa fedha aliyopata siku hiyo, na mwuza mkaa hamwongezei bei kwa kuwa amepika sana.

Yaani mkono mmoja wa Serikali unamwita mama aje kwenye umeme, na mkono mwingine unamtoza faini akija. Hatudhani kuna aliyekusudia hivyo. Uniti 75 ziliwekwa wakati mtu mdogo alifikiriwa kuwa ni mtu wa taa na redio, na hakuna aliyeliwaza sufuria. Wala tatizo si uhaba wa umeme kama tulivyouzoea wakati wa mgawo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji uliwashwa Februari 2024, na bwawa lote, lenye mitambo tisa, limejengwa kutoa megawati 2,115.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wenye nyumba zao hawalioni. Nendeni kwenye nyumba za kupanga za mjini. Vyumba sita, familia sita, luku moja. Kila familia inatumia uniti 20 tu kwa mwezi. Hakuna masikini wa umeme kuliko hao. Lakini mita haijui familia, inajua uniti, na 20 mara sita ni 120. Nyumba hiyo inahesabiwa kuwa mtumiaji mkubwa, na uniti 120 kwa shilingi 292 ni 35,040. Kila mpangaji analipa 5,840, ilhali kama angekuwa na mita yake angelipa 2,000. Hapo bado ugomvi wa nani ana pasi na nani amewasha hita, ugomvi ambao wengine wetu tumeitwa kuusuluhisha baada ya ibada! Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye luku. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni aliyenunua umeme, na si kila mpangaji ana ujasiri wa kumwambia mwenye nyumba, "Baba, nipunguzie kwenye kodi ya chumba." Kufunga mita nyingine mjini nako si rahisi: tangu Januari 2022 ada ilirudi kuwa shilingi 320,960 kwa asiyehitaji nguzo, wakati kijijini ni 27,000.

Tunaona basi mambo matatu ya kupeleka kwenye taftishi ijayo, iwe ya kupandisha bei au kupanga upya makundi. Kikomo cha uniti 75 kisogezwe ili kuwe na nafasi ya kupika, au umeme wa kupikia uwe na bei yake. Nyumba ya wapangaji itafutiwe njia ya kuhesabiwa kwa familia, hata kwa mita ndogo za mkopo. La tatu ni letu la kazini: zahanati. Friji ya chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia na mashine ya kutengeneza oksijeni haviwezi kusubiri fungu la fedha lifike ndipo luku ijazwe. Muuguzi anayemzalisha mama kwa mwanga wa tochi ya simu aliyoiuma kwa meno hawezi kuona vizuri damu inatoka wapi. Katika kupanga bei, zahanati isiwekwe pamoja na baa na saluni.

Matangazo ya taftishi hutoka magazetini na redioni, na mara nyingi mkutano huwa asubuhi ya siku ya kazi, saa ambazo mama yuko sokoni au shambani. Kwa hiyo wanaohudhuria ni wenye viwanda na wanasheria wao, ambao hawajapata kuchochea mkaa. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vina makatibu wanaojua kuandika barua. Ukurasa mmoja unatosha: tupo wangapi, tunapikia nini, luku yetu wanachangia wangapi, mwezi uliopita tulilipa kiasi gani. Bandikeni na risiti za luku za miezi mitatu. Barua yenye risiti haijibiwi kirahisi kama malalamiko matupu. Anzeni kuzitunza risiti hizo sasa, na kwa wanaonunua kwa simu, msifute ujumbe.

Walioomba maelekezo ya kupika makande kwa jiko la presha la umeme, tutawapa mwezi ujao, pamoja na jinsi ya kusafisha kile kitundu cha kutolea mvuke ambacho wengi hawakigusi.