Wasaka kobalti wasifute kumbukumbu ya bahari

Mnamo 2014, Japani na Uchina zilipata kandarasi za kutafuta kobalti katika ukoko mweusi unaofunika milima iliyozama kwenye Bahari ya Pasifiki. Si ukoko wa sufuria huu: hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja, na kila tabaka huhifadhi alama za kemikali za maji ya enzi yake. Ukoko wa Atlantiki umewafichulia wanasayansi jinsi mikondo ilivyobadilika mlango wa bahari wa Panama ulipoziba.

Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaika, ilimaliza kikao cha Julai 2025 bila kukamilisha kanuni za uchimbaji. Kuwatetea viumbe ni haki. Hata hivyo, wachimbaji walazimishwe pia kuzikabidhi maabara za umma vipande vizima vya ukoko kabla mitambo haijausaga.