Mashine ya vitabu vya wasioona si spika ya flashi

Bujumbura. Spika ndogo za kuchomeka flashi na memori kadi haziadimiki katika jiji hili. Zinapiga muziki, zinashika redio, zinarudia mahubiri, na bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Kinachoadimika ni mashine ya kusikilizia vitabu iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya msomaji asiyeona. Mteja akiiulizia, ni rahisi muuzaji kumkabidhi spika na kumwambia kazi ni ileile.

Kazi si ileile. Na mwenye uwezo wa kurekebisha jambo hili ni mfanyabiashara anayevuka mpaka, ilimradi ajue anachonunua.

Spika hupiga faili moja baada ya nyingine, na nyingi ukizizima huanza upya. Mashine ya vitabu vya sauti hukumbuka mahali msomaji alipoishia, hata akihamia kitabu kingine na kurudi baada ya wiki. Vitabu vyake vingi hutengenezwa kwa mfumo wa DAISY, unaosimamiwa na muungano wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1996. Mfumo huo hugawa rekodi kwa sura, vichwa vidogo na kurasa. Mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 84, na kitabu kikiwa kimewekewa kurasa, mwanafunzi asiyeona anabonyeza namba na kufika pamoja na wenzake. Kwa spika atautafuta mpaka kipindi kiishe.

Kwa hiyo ukiwa Kariakoo, Nairobi au Dubai, anza na vidole. Vitufe viwe vimeinuka, vimeachana, na cha namba 5 kiwe na alama ya kupapasa. Victor Reader Stream ya kampuni ya HumanWare ya Kanada ni kipimo kizuri: ina vitufe vilivyopangwa kama vya simu ya zamani, na ina namna ya kumtajia mtumiaji kazi ya kila kitufe. Bei yake ni mamia ya dola, na kwa uhaba wa fedha za kigeni tulio nao, si kila mtu ataiagiza. Lakini hata ukichagua ya bei nafuu, ipime kwa kipimo hicho.

Pili, uliza lugha. Mteja wa Bujumbura anahitaji mashine inayotoa maelekezo kwa Kifaransa, wakati nyingi zinazouzwa kwa majirani zimewekwa Kiingereza. Muuzaji akuoneshe inavyobadilishwa kabla hujalipa. Usidanganywe pia na sifa ya kwamba inasoma maandishi yenyewe. Sauti ya mashine ya Kifaransa ikisoma Kirundi huyaharibu maneno, maana katika Kirundi kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Msomaji wa hapa atategemea zaidi rekodi zilizosomwa na binadamu. Mashine icheze DAISY na MP3, na iwe na maikrofoni yake ili mwanafunzi arekodi somo darasani.

Tatu, umeme. Chagua inayochajiwa kwa waya wa kawaida wa simu, ili hata paneli ndogo ya sola iweze kuichaji. Betri iwe ya kutolewa, na beba za akiba. Aina zinazovuta vitabu kwa intaneti ni nzuri, ila kwa mteja asiye na mtandao nyumbani memori kadi inatosha.

Kuna watakaosema simu imemaliza mambo haya. Kwa kijana aliyezoea Android, programu ya TalkBack haina malipo na inaweza kumtosha. Lakini mzee aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, asiyejua Breli, kioo laini kinamshinda. Muulize mteja mashine ni ya nani.

Tukija kwenye forodha, wengi huchanganya mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mashine iliyotengenezwa Kanada au China haiwi ya Jumuiya kwa sababu tu imenunuliwa Dar es Salaam. Njia yake ni nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, Jedwali la Tano, ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyoundwa mahususi kwa ajili ya wasioona na watu wengine wenye ulemavu. Spika ya flashi haimo humo. Msamaha huo huombwa, kwa hiyo beba karatasi ya mtengenezaji inayoonesha kifaa ni cha nani, na uwaulize OBR kabla mzigo haujafika Kobero. TVA nayo iulizie peke yake, kwa sababu hiyo kila nchi ina yake.

Usijaze memori kadi vitabu ulivyonakili mwenyewe ili kuvutia wateja. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016, unaruhusu vitabu vya wasioona kutengenezwa na kuvuka mipaka kupitia taasisi zilizoidhinishwa. Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Ruhusa hiyo hapewi muuza duka.

Burundi imo katika Jumuiya tangu mwaka 2007. Maoni yangu ni kwamba msamaha ulioandikwa kwenye jedwali na usiojulikana dirishani haumsaidii mtu. Mamlaka za mapato za nchi wanachama zibandike mpakani, kwa Kiswahili, orodha ya vifaa vinavyohusika na karatasi zinazotakiwa, kama zinavyobandika orodha za bidhaa nyingine.

Nanyi wafanyabiashara msingoje. Nendeni kwenye vyama vya wasioona, mkubaliane idadi na aina, mchukue oda kabla ya safari. Mzigo unaondoka ukiwa na wenyewe, na maombi ya msamaha yanakwenda yakiwa na chama nyuma yake. Mashine ya kwanza mkiileta, mpeni mwanachama mmoja aijaribu kwa wiki nzima kabla ya kuagiza nyingine. Atakachosema yeye kina uzito kuliko maelezo yote ya kwenye boksi.