UZI: Mmegombania mjeledi, simu mmeiacha

1.
Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba vijana mnaonisoma kimya kimya: leo siongelei homa ya mtoto wala uji wa lishe. Leo ni Fifty Shades of Grey. Ndiyo, hicho hicho. Anayeona aibu apunguze mwanga wa simu, tuendelee.

Najua si kitabu kipya. Kilitoka 2011, kikafuatiwa na viwili, kisha zikaja sinema tatu, 2015, 2017 na 2018. Lakini PDF zake bado zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanawake, na ugomvi wake haujaisha. Upande mmoja wanasema ni uchafu, anayesoma ana pepo. Upande wa pili wanasema Christian Grey ndiye mume, sisi wengine tumeolewa na kivuli tu. Nimesoma vitabu vyote vitatu, na nina neno na pande zote mbili.

2.
Kwa ambaye hajui. Anastasia Steele ana miaka 21, anamaliza chuo, hajawahi kulala na mwanaume. Anakutana na Grey, miaka 27, bilionea wa Seattle kule Marekani, ana helikopta yake. Grey ana chumba maalumu chenye mijeledi na kamba, na ana mkataba anataka binti ausaini: atakula nini, atalala saa ngapi, atavaa nini, ataadhibiwaje. Binti hausaini. Ila anampenda. Mengine mnayajua, na msiojua mtayatafuta, nawafahamu.

Mwandishi wake, E L James, ni mama wa watoto wawili wa London, alikuwa mfanyakazi wa televisheni. Alianza kuandika mtandaoni kama shabiki wa Twilight, watu wakasoma, ikawa kitabu, na kufikia 2014 mfululizo ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 100. Hao ni wanawake wengi jamani. Hawawezi wote kuwa na pepo.

3.
Naanza na wahubiri, kwa sababu nyie mna sauti kubwa.

Magazeti ya Marekani na Uingereza yalivibatiza vitabu hivi ngono ya kina mama. Sikieni dharau iliyomo humo. Mwanaume akiangalia video chafu usiku kucha hakuna gazeti linaloita ngono ya kina baba. Mama akisoma kurasa kumi akiwa ananyonyesha, imekuwa habari. Mwaka 2012 maktaba za Brevard County, Florida, zilivitoa vitabu kwenye rafu, wasomaji wakaja juu, vikarudishwa. Februari 2015 Kenya ikapiga marufuku sinema ya kwanza. Sijaona kwamba hamu ya mtu ilipungua hata gramu moja.

Halafu kuna hii ya "si utamaduni wetu". Utamaduni wa nani? Bibi zetu wa pwani walitufundisha wapi, kanisani? Kungwi anakaa na mwali siku kadhaa, mlango umefungwa, na mnajua anachofundisha si kukaanga samaki. Shanga za kiunoni ni za nini, za kuhesabia? Mwanamke kutaka raha kwenye ndoa yake hakukuletwa na Mzungu. Tofauti ninayoiona ni moja tu: kwa kungwi kuna mtu wa kumuuliza, "hili na mimi lazima?" Kwenye PDF uko peke yako saa saba usiku, na anayekufundisha ni Grey.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa miezi minne, amechoka, mwili wake haujarudi, anasoma hadithi ya mapenzi kabla hajalala: mwacheni. Sisi manesi tungefurahi kama kitu pekee kinachomuumiza mama baada ya kujifungua kingekuwa kitabu.

4.
Sasa nyie wa "mume wa ndoto". Kaeni vizuri.

Toka kwenye kile chumba cha mijeledi. Funga mlango. Nataka tuangalie anachofanya Grey sebuleni, barabarani na ofisini kwa binti, kwa sababu huko ndiko hamuangalii.

Binti anampigia simu akiwa baa na wenzake, amelewa kidogo. Grey anafuatilia ile simu mpaka anajua yuko wapi, anamtokea. Gari lake la zamani, Grey analiuza, anampa jipya alilolichagua yeye. Anamwingizia dola 24,000 kwenye akaunti ambayo binti hakumpa namba yake. Binti anapata kazi kampuni ya vitabu, Grey anainunua kampuni. Wameoana, binti anaendelea kutumia jina lake la ukoo kazini, bwana anakwenda mpaka ofisini kwake kumhoji kwa nini hajabadilisha. Na kila saa: umekula? Kula. Maliza sahani.

Mnasoma haya mnasema "ananijali huyu". Sawa. Mnyang'anyeni helikopta. Mpeni bajaji ya mkopo na chumba kimoja Mbagala, halafu afanye yote haya kwa mdogo wako wa miaka 21. Ajue namba yake ya benki bila kuambiwa. Ajitokeze kazini kwake. Shosti, utampeleka wewe mwenyewe dawati la jinsia, tena kwa bodaboda usichelewe.

5.
Hapa ndipo panaponihusu kama muuguzi, na hapa nitakaa.

Njia ya uzazi wa mpango kwenye vitabu hivi ni ya nani? Grey hapendi kondomu. Basi anaita daktari wa wanawake, Dk. Greene, aje nyumbani kwake siku ya Jumapili, binti apewe njia. Binti anaanza vidonge. Kitabu cha pili wameachana na kurudiana, vidonge amevikatiza, anachomwa sindano, Depo, ile ile tunayoichoma sisi. Kitabu cha tatu amepitiliza miadi ya sindano. Amebeba mimba.

Na bwana aliyemjali, aliyemwambia maliza sahani, anafanya nini? Anafoka. Anamuuliza kama amefanya makusudi. Anatoka nyumbani, anarudi amelewa. Mke mpya, mimba changa, usiku kucha hajui mume yuko wapi.

Wasomaji wengi wanapita hapo haraka kwa sababu mwisho ni mzuri, watoto wawili, bustani, jua. Mimi sikupita. Mimi hiyo sentensi ya "umefanya makusudi" naisikia kliniki, na huwa haina bustani mwisho wake.

Wanawake wanaokuja kuchoma sindano kwa siri si wachache. Wanaichagua kwa sababu haiachi pakiti ya vidonge kwenye mkoba, haionekani mkononi kama kijiti kinavyopapaswa. Wengine kadi inakaa kwa jirani. Wengine wanakuja siku ya kliniki ya mtoto, mtoto apimwe uzito, mama achomwe hapo hapo, arudi nyumbani na kadi moja tu. Na wapo wa upande wa pili, ambao mume ndiye aliyewaleta, amesimama mlangoni, anajibu yeye maswali ninayomuuliza mke. "Anataka ya miaka mitano." Nimemuuliza yeye, baba.

Wote hao hakuna aliyechapwa mjeledi. Hakuna mkataba. Kuna mtu mmoja tu ambaye anaamua mwili wa mwenzake ubebe lini na usibebe lini, na hasira yake ndiyo kalenda ya nyumba.

6.
"Nesi, lakini ni hadithi tu. Mtu mzima anajua tofauti."

Nakubali nusu. Mjeledi, kila msomaji anajua ni hadithi. Chumba chekundu hakipo Tandika. Ukifika kwenye kurasa hizo akili yako inasema hapa tunacheza, na unacheza, na unafunga simu unakwenda kumbadilisha mtoto nepi. Hakuna madhara. Hata wale watu wazima wanaofanya mambo hayo kwa kweli walikuwa wa kwanza kulalamika kwamba Grey hafuati taratibu zao, kwamba kwao makubaliano huja kwanza na neno moja la kusimamisha linaheshimiwa.

Lakini simu? Kupekua simu, kumfuata kazini, kumpangia nguo, akili yako haisemi hapa tunacheza. Inasema hapa napajua. Napajua kwa shangazi, napajua kwa jirani, pengine napajua kwangu. Na kitabu kinakuja kinakwambia hayo unayoyajua ndiyo mapenzi yenyewe, ila ya kwako hayana pesa. Nusu hiyo ndiyo siikubali. Tulishakuwa na "wivu ni mapenzi" muda mrefu kabla ya Grey, hatukuhitaji mtu wa kuitilia pafyumu.

7.
Wapo walioliona hili mapema. Mwaka 2012 shirika moja la kaskazini mashariki mwa Uingereza, linalohifadhi wanawake waliokimbia vipigo, lilitoa wito nakala zikusanywe zichomwe moto. Kuchoma vitabu sikubaliani nako, ila hasira yao naielewa, hao ndio wanaopokea mabegi saa nane za usiku. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Amy Bonomi, walikipitia kitabu cha kwanza wakichambua vitendo vyenyewe, wakaona unyanyasaji wa kihisia karibu kila mahali: kufuatilia, kutisha, kumtenga na watu wake.

Na angalieni hili. Sinema ya kwanza imetoka Februari 2015. Mwaka huo huo, Desemba, Uingereza na Wales ikaanza kutumika sheria inayofanya kumtawala na kumbana mwenza wako kuwa kosa la jinai, hata kama hujamgusa. Kifungo mpaka miaka 5. Kwa hiyo nchi ile ile ya mwandishi, kitu kile kile, kwenye sinema unakilipia tiketi na mahakamani unakifungwa.

Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nzuri. Lakini inaongelea kipigo. Mume anayeshika simu, kadi ya benki na kadi ya kliniki, hajapiga mtu. Ndugu wa mke wanamsifia kwamba katulia.

8.
Kwa hiyo someni. Sijamkataza mtu, na anayetaka kuwakataza aanze na simu yake mwenyewe. Mkiwa na mabinti waliomaliza shule wanaokisoma chini ya shuka, msiwanyang'anye, waulizeni swali moja: hapa Ana alipotaka kukataa, ilikuwaje? Mtashangaa mazungumzo yatakavyokwenda mbali.

Na kwa kuwa nimeitaja sindano, msije mkanisumbua inboksi usiku: Depo ni kila miezi 3. Ukichelewa usikae nyumbani kwa woga kwamba utagombezwa, njoo tu; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchomwa hata ukichelewa mpaka wiki 4. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa, hujaharibiwa kizazi. Haizuii Virusi vya UKIMWI, kondomu bado ina kazi yake. Na haihitaji sahihi ya mume. Ukifika, kama nyumbani hapafai, sema tu "kadi ibaki hapa". Hatutakuuliza kwa nini.