Ushujaa Usiwe Pazia la Uzembe

Oktoba 29, 2012, kimbunga Sandy kiliupiga mji wa New York, Marekani. Hospitali ya Bellevue, mali ya shirika la hospitali za umma la mji huo, ilikuwa na jenereta za dharura ghorofa ya 13, mbali na maji. Lakini pampu za kuzipandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi, karibu na mto. Maji yakaingia, pampu zikazimika. Askari na watumishi wakabeba mafuta kwa ngazi, mkono kwa mkono. Hatimaye wagonjwa wapatao 700 wakahamishwa.

Waliobeba mafuta yale wanastahiki sifa. Lakini tunakataa sifa zao zigeuzwe pazia la kuwasitiri waliopanga. Tutaambiwa ni kudura. Kimbunga ni kudura, naam. Mahali pa kuweka pampu ni uamuzi wa mtu, na mtu huulizwa. Tena onyo lilikwisha kuja: Agosti 2011, kwa kuhofia kimbunga Irene, shirika hilohilo liliwahamisha wagonjwa wa hospitali yake ya Coney Island.

Hospitali ya umma ni amana. Kwa hiyo, popote ilipo, tunadai mambo matatu: mpango wa dharura usomwe hadharani, ujaribiwe mbele ya mashahidi, na jina la mwenye dhamana liandikwe. Kiongozi asiyeulizwa kabla ya gharika, baada yake ataunda tume tu, na mgonjwa ndiye atakayelipa.