Chanikiwiti Nyumbani

Mwaka jana nilipoitengeneza nyumba yangu hapa Msambweni, nilitamani sebule ifanane na majani baada ya masika. Nikatoa nusu ya mshahara kununua rangi ya mafuta, chanikiwiti kabisa, nikapaka kuta zote nne kabla lipu ya chokaa haijakauka. Haikupita miezi miwili, ikaanza kubambuka kama gamba la nyoka. Kosa halikuwa la rangi: chokaa mbichi huila rangi ya mafuta, na unyevu wa ukutani huisukuma nje.

Tena chumba chenye dirisha dogo kikipakwa kijani pande zote, nuru yake hugeuza nyuso. Shangazi alipoingia aliniuliza, "Mwanangu, homa haijakutoka?"

Sasa kuta nimezirudishia chokaa nyeupe, na chanikiwiti nimeiacha mlangoni na madirishani, nayo inapendeza. Basi nawe uliye Diani au Kwale, ngoja lipu ikauke. Jaribu kipande kimoja, ukitazame asubuhi na jioni. Wala usinunue rangi yenye risasi, kwani vumbi lake hudhuru akili za watoto. Pupa ya macho hulipwa na mfuko.