Mgonjwa Asiachwe Peke Yake na Maumivu



Msomaji mpenzi, katika nyumba zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe, mgonjwa aliyezidiwa hakosi watu. Jamaa huja kumzuru, Yasini husomwa, uji hupikwa. Lakini usiku unapoingia na wageni wakishaondoka, hubaki mgonjwa, maumivu yake, na mama au binti anayemuuguza. Hapo ndipo muuguzaji hujiuliza: nimfanyie nini?

Swali hili limewashughulisha watu wa mataifa mengi. Huko Japani lipo tawi la tiba ya sindano ambalo halitoboi ngozi kamwe. Chombo chake kimojawapo huitwa teishin, kijiti chembamba cha madini kama fedha au shaba, chenye ncha butu. Asili yake ni miongoni mwa sindano 9 zilizoelezwa katika utabibu wa kale wa Uchina. Tabibu hupima kwanza mapigo ya damu katika vifundo vya mikono yote miwili, kisha huigusisha ncha ile juu ya ngozi kwa wepesi, mahali hadi mahali. Watoto wadogo nao wana tiba ya jamii hiyo, iitwayo shonishin, ambayo huwapapasa na kuwagusa bila ya kuwachoma.

Wepesi huo una maana kwa mgonjwa dhaifu. Mwenye saratani anayepewa dawa kali huenda akapungukiwa na chembe za kugandisha damu na zile za kupambana na vijidudu. Kwake yeye, tundu dogo laweza kuvuja damu au kuingiza maradhi. Kwa sababu hiyohiyo, hijama ya kuchanja asifanyiwe mgonjwa wa aina hii mpaka daktari wake aulizwe.

Tusidanganyane, hata hivyo. Sindano butu haiondoi saratani, na tafiti juu yake bado ni chache. Inachotufunza ni kwamba mguso wa polepole una thamani. Ngozini mna neva zinazouitikia mguso wa namna hiyo, na mwili uliojikaza kwa uchungu na hofu huweza kulegea kidogo.

Nasi jambo hili si geni kwetu. Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alipomshitakia Mtume (s.a.w.) maumivu ya mwili wake, aliagizwa auweke mkono wake pale panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara 3, kisha aombe kinga Kwake mara 7. Ameipokea Muslim. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akimpangusa mgonjwa katika watu wake kwa mkono wa kulia, huku akimwombea shifaa.

Basi, dada yangu, nawa mikono na uipashe joto. Mtake mgonjwa ruhusa, kwani mwili ni wake hata akiwa hajiwezi. Chukua mafuta kidogo ya nazi, umpapase viganja, nyayo au mgongo kwa dakika chache, taratibu, bila ya kukandamiza. Usiguse uvimbe, kidonda, wala mfupa unaouma; na mguu mmoja ukivimba ghafla na kupata joto, usiuchue, mwite daktari. Akikunja uso, acha. Sitara yake ihifadhiwe, na anayemgusa awe ni maharimu wake au mwenzake wa jinsia moja.

Lakini mkono una mpaka wake. Maumivu makali ya saratani yana dawa, na dawa hiyo ni mofini. Hapa Pwani jina hilo hututia hofu, kwa kuwa tumewaona vijana wetu wakiangamia kwa unga, na unga hutengenezwa kutokana na mofini. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mofini ya maji anayopewa mgonjwa kwa kipimo cha daktari na kwa saa maalumu si ulevi, bali ni tiba. Ikimpa choo kigumu, kama ilivyo kawaida yake, daktari aombwe dawa ya kulainisha. Na chupa ifungiwe mahali ambapo wengine hawafiki.

Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini Kenya. Majirani zetu wa Uganda walitangulia: Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na baadaye wauguzi waliofunzwa maalumu wakaruhusiwa kisheria kuandika dawa hiyo. Kwetu Mombasa ipo Coast Hospice, inayoshughulika na wagonjwa wa namna hii na jamaa zao. Kuvuka feri au daraja kwenda kuuliza si kukata tamaa na rehema ya Mola. Huduma hii haingoji siku za mwisho. Huweza kwenda sambamba na matibabu mengine.

Wako wanaomwambia mgonjwa, "Subiri, maumivu hufuta dhambi." Ni kweli kwamba Muumini hulipwa kwa taabu inayompata. Lakini Mtume wetu alituamuru kujitibu, na subira ya mgonjwa haiwi kisingizio cha sisi wazima kukaa kitako. Maumivu yakitulia, mgonjwa hupata usingizi, husali kwa utulivu, huwausia wanawe, na huomba radhi kwa aliowakosea. Hizo ni neema ambazo uchungu mkali humnyima.

Wiki hii, aliye na mgonjwa nyumbani amuulize maswali mawili: wapi panauma, na kwa kiasi gani? Kisha jibu lake alifikishe kwa daktari kama lilivyo, bila ya kulipunguza.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Amin.

Wabillahi tawfiq.